Siku nzima nyuma ya dashibodi ya Land Rover ya mwaka 1976

Saa 1 asubuhi. Nilimkuta mzee ameshafika, amekaa kwenye bampa ya mbele ya gari lake, kofia mapajani. Gereji yetu iko pembezoni mwa Arusha, upande wa barabara ya Moshi, na yeye ameshuka kutoka kule milimani kabla hata dogo wangu hajafungua geti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo linaisha?"

"Leo linaisha, Mungu akipenda."

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, 109 (inchi kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma), pikapu, injini ya petroli ya lita 2.25. Alilitoa bandani kwa ajili ya lile tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 hapa mjini, halafu akaona haya kulirudisha kwa kuku. Sharti lake kwangu lilikuwa moja: kwenye geji za dashibodi, ndani pawe pa kisasa, usoni pabaki pale pale. Nilifurahi. Kuna wanaong'oa dashibodi yote na kubandika skrini kubwa kama ya simu. Mimi skrini kwenye Land Rover naiona kama kanzu iliyofungwa mkanda wa suruali.

Saa 2. Kabla ya kushika bisibisi huwa naliwasha gari kwanza na kulitazama. Mshale wa joto ulipanda mpaka karibu na nyekundu injini ikiwa bado ya vuguvugu. Mshale wa mafuta nao ulisema tangi lina zaidi ya nusu, wakati mzee mwenyewe aliniambia kaja na lita kama kumi tu. Kwa mshale huo ameshazimikiwa na gari njiani mara mbili. Kwa ule wa joto, mafundi watatu wamemla hela: mmoja alibadilisha kifuniko cha rejeta, wa pili akang'oa themostati akaitupa, wa tatu akataka kufungua silinda hedi.

Mishale miwili ikidanganya kwa pamoja, na kuelekea upande mmoja, usiguse injini. Geji hizi, za kampuni ya Smiths ya Uingereza, hufanya kazi kwa joto. Ndani kuna kipande cha metali mbili zilizoshikamana, kimezungushiwa waya mwembamba. Umeme ukipita waya unapata moto, kipande kinapinda, mshale unasogea taratibu. Ubaya wake ni kwamba volti zikipanda, mshale nao unapanda. Ndiyo maana nyuma ya dashibodi kuna kikopo kidogo, stabilaiza, kinachokata na kuunganisha umeme ili geji zipate wastani wa volti 10. Kikopo hicho kikikosa erthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, hakikati tena. Geji zinabugia volti zote 13 au 14 za altaneta, ile inayochaji betri, na gari zima "linachemka" kwa mdomo tu.

Nilivuta waya mmoja kutoka kikopo cha stabilaiza mpaka kwenye ncha hasi ya betri. Mishale yote miwili ikashuka, polepole, kama mtu aliyeshikwa uongo.

Hapo ikabidi niseme ukweli, ingawa vifaa vya elektroniki nilikuwa nimeshavinunua. "Mzee, tatizo lako ni waya wa shilingi elfu mbili. Nikikuwekea huu, unaweza kwenda nyumbani." Alinyamaza kidogo. Akasema kebo ya spidi inapiga kelele kama kinu cha kusaga, mshale wake unacheza kati ya 40 na 70, na wiki mbili zilizopita amepigwa tochi ya trafiki. Tena taa ya oili haiaminiki, maana inawaka presha ikiwa imeshashuka sana. "Endelea na kazi," akasema.

Saa 3. Kuvua dashibodi ya Series III ni raha, skrubu chache na uko ndani. Tulichokikuta nyuma si raha. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, fremu za ndani ni za chuma, na metali hizo mbili zikikutana na unyevu kwa miaka karibu hamsini zinatoa unga mweupe. Unga huo haupitishi umeme. Kila taa, kila geji ilikuwa ikitafuta erthi kupitia unga. Dogo alipewa kazi ya kusugua, mimi nikavuta waya mnene wa erthi kutoka kwenye chesisi mpaka kwenye baa moja ya shaba nyuma ya dashibodi, na kuanzia sasa kila kitu kinarudi hapo. Hii ilikula saa nzima na nusu, na ukiniuliza, ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe.

Saa 5 hivi nilihamia mezani. Nilifungua geji kubwa ya mafuta na joto, nikaacha uso wake, mishale yake na kioo chake, nikatoa matumbo. Mahali pake nikaweka mota ndogo za hatua, zile zilizomo kwenye dashibodi za magari mengi ya kisasa, zinazoweza kuzunguka nyuzi 315. Mota hizi hazina kumbukumbu. Kila ukiwasha swichi lazima zirudi mpaka zigonge ukuta wa sifuri, ndipo zianze kuhesabu hatua. Zinaongozwa na bodi ya Arduino, kikompyuta kidogo, niliyoiandikia programu usiku, watoto wakiwa wamelala. Spidomita nayo ikapata mota yake, na kule kwenye transfa (gia boksi ya pili), ilipokuwa inachomekwa kebo, nikafunga sumaku na sensa.

Mzee akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Na namba zangu?" Alimaanisha kilomita. Odomita ilisoma 41,206. Ina tarakimu tano tu, hivyo imeshajirudia, mara ngapi hajui mtu. Nikampimia kiskrini chembamba kinachoingia kwenye kidirisha kile kile, nikakianzisha hapo hapo kwenye 41,206. Akaridhika.

Saa 7. Makande, chini ya mjakaranda. Dogo alilala.

Saa 8. Mafuta. Floti ya Smiths, kiboya kinachopima mafuta tangini, kwa kawaida hutoa ukinzani wa ohm kama 240 tangi likiwa tupu na kama 30 likijaa, lakini ya mzee imelika, na mkono wake haupandi sawasawa na mafuta. Kwa hiyo hakuna hesabu, kuna kumimina tu. Tuliondoa petroli yote, tukamimina kwa dumu lita tano tano, kila mara tukisubiri itulie, ninasoma mita, ninaandika. Tangi hili la chini ya kiti huchukua kama lita 45. Tulipofika lita 20 mzee alikwenda nyuma ya kiti akatoa kipande cha mpira mwembamba chenye alama nyekundu. Rangi ya kucha ya mkewe. Amekuwa akikizamisha tangini kila asubuhi. Akakizamisha, akakitoa, akanionyesha palipolowa: alama ya nne. Lita 20 kamili. Kuanzia hapo nilikuwa nalinganisha vipimo vitatu, dumu, mita na mpira, na mara moja mpira ulinikamata nimeruka mstari kwenye daftari.

Saa 9. Dogo, kwa nia njema, alikuwa ameweka taa za LED kwenye vioo vyote vya tahadhari, ikiwemo ya chaji. Tukawasha: volti 12.3, hazipandi. Nikakanyaga mafuta kwa nguvu, ndipo zikaruka mpaka 14. Taa ya chaji si ya kuangalia tu. Mkondo unaopita kwenye balbu yake ndio unaoiamsha altaneta, na LED hula umeme kidogo mno kuweza kuiamsha. Nikarudisha balbu ya zamani ya wati 2.2. Simlaumu dogo, nami nililipia somo hilo kwa betri ya mteja.

Geji ya presha ya oili, ya milimita 52, ndiyo nyongeza pekee aliyoikubali. Tuliificha chini ya dashibodi.

Saa 10. Barabarani kuelekea Tengeru, mzee usukani, mimi na kompyuta mapajani, simu yenye GPS kwenye kioo. Spidi ilikaa sawa baada ya marekebisho mawili: 50 ya simu, 50 ya mshale. Lakini mshale wa mafuta! Kila tuta, robo. Kila kona, nusu tangi. Breki, tupu. Sensa inasema kweli kila mara, na kweli yenyewe ni kwamba petroli inasukasuka. Tukaegesha kando. Nikaandika programu ichukue wastani wa sekunde arobaini ndipo isogeze mshale, tukaondoka, ukatulia. Yaani kazi yote hii, mota, bodi, programu, na jambo la mwisho nililofanya ni kuifundisha kompyuta uvivu wa kile kipande cha metali nilichokitupa asubuhi. Nilimwambia mzee. Alicheka mpaka akapunguza mwendo.

Saa 12 jioni alilipa, akakagua kwa tochi ya simu kama kioo kina mkwaruzo, akawasha. Mishale ikagonga sifuri, ikapanda. Mafuta: lita 31. Akazima, akashuka, akachukua ule mpira akauzamisha tangini. Akautazama kwa muda.

"Thelathini na moja," akasema, akaurudisha nyuma ya kiti.