Filamu ya baba: nilichoiachia akili mnemba na nilichoinyima

Baba yangu alikuwa ndani ya MV Spice Islander usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ilipozama ikitoka Unguja kuja Pemba. Kwetu Wete msiba ule si wa nyumba moja. Alichotuachia cha kumuona ni picha ya paspoti na nyengine ya harusi, iliyoliwa na mchwa pembeni. Kwa hizo mbili nilitaka kutengeneza filamu fupi.

Nilianza na mama. Nilimrekodi kwa simu chumbani, feni imezimwa, mapazia yameshushwa ili sauti isirudi, nikamwacha aseme atakavyo. Picha zote baadaye zilifuata maneno yake.

Programu za akili mnemba unazipa picha au maelezo, zinakurudishia kipande cha sekunde chache. Kwa hiyo nilipanga vipande vifupi: mkono, jamvi, mlango. Kikirefuka tu, sura hubadilika na vidole huongezeka.

Mama alisimulia msimu wa karafuu, nami nikaomba shamba la mikarafuu. Nikapewa miti iliyozaa karafuu kavu za kahawia, zile za dukani! Mtini karafuu ni kijani, huchumwa zikianza kupiga wekundu kabla ua halijafunguka, kisha hutengwa na makonyo. Ukahawia huja baadaye, juani. Ilibidi nieleze rangi hatua kwa hatua ndipo nikapata kitu ambacho Mpemba hatakicheka. Kanga nayo ilinishinda. Pindo lilitoka, mji ukatoka, lakini jina likawa herufi zisizosomeka. Nikaipiga picha kanga ya mama mwenyewe na kuiingiza vilevile, bila kuipitisha kwenye programu.

Binamu yangu alitaka baba asemeshwe. Inawezekana: picha inapepesa macho, midomo inacheza, na sauti inaigizwa. Nilimuuliza mama kwanza.

"Baba yako nishamuombea dua, nishamuacha kwa Mola wake," alisema. "Usinirudishie mtu anayenitazama asinijue."

Basi picha ya paspoti imebaki ilivyo, haitikisiki. Hata meli sikuichora. Kuzama kule kuna watu walikuona kwa macho yao, wengine wako hai na tunasalimiana sokoni. Kubahatisha kuzama kule kwa mashine ni kuwavunjia heshima. Mama anapofika usiku ule, kioo kinakuwa cheusi, anasikika yeye tu akieleza alivyokuwa akipiga simu isiyopokelewa. Bahari inayofuata ni ya kweli, niliirekodi mwenyewe bandarini Mkoani.

Mwanzoni mwa filamu nimeandika wazi kwamba mandhari ya shamba yametengenezwa na akili mnemba. Nisipoandika, wajukuu wataamini ni picha za zamani, na wataapa kuwa yule mchumaji ni babu yao.

Kuituma WhatsApp kama video kuliifanya iwe na ukungu, nikaituma kama faili. Shangazi hakuchelewa kujibu: yule mtu wa kuanika anapita juu ya karafuu na viatu vyake, nani kamlea? Kipande hicho nimekikata. Ami yangu wa Maskati naye ametuma sauti ndefu kuhusu utoto wao, kaisema yote kwa pumzi moja na kuku wanawika nyuma yake, na sasa naitafutia pa kuiweka.