Nilivyozizima barua taka za hisa zilizovaa uhakiki wa filamu

Mwaka 2006 kazi yangu ilikuwa kutunza kompyuta za hoteli ndogo ya Mji Mkongwe, Unguja, pamoja na seva ya barua pepe iliyokaa chini ya ngazi, ubavuni mwa stoo ya mashuka. Intaneti tuliipata kwa dishi la setilaiti, laini nyembamba ya kugawana mapokezi, uhasibu na wageni. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, kwa hiyo enzi hizo laini ya namna ile ililipiwa dola nyingi kila mwezi. Barua taka zilikuwa zinakula laini ileile ambayo mtalii wa Milano alikuwa akiitumia kuulizia chumba.

Barua za dawa za nguvu za kiume na za saa bandia nilishazimudu. Zina kiungo cha kubofya, na anwani za viungo hivyo huingia haraka kwenye orodha nyeusi ambazo kichujio chetu, SpamAssassin, kilizisoma. Za hisa zilikuwa habari nyingine. Moja niliichapisha nikaibandika ukutani. Ndani yake mlikuwa na picha moja: alama ya kampuni kwa herufi nyekundu, bei ya leo senti 14 za Marekani, lengo senti 60 ndani ya siku tano, nunua kabla soko halijastuka. Picha yenyewe ilikuwa imenyunyiziwa vidoti vidogovidogo kama ukuta wa jikoni uliozoewa na nzi. Chini yake, kwa Kiingereza safi kabisa, aya tatu za uhakiki wa filamu: mwigizaji mkuu anajitahidi, nusu ya pili inalegea, muziki unafunika maneno. Aya ya mwisho ilikatika katikati ya sentensi.

Kila kitu pale kilikuwa na kazi yake. Maneno ya biashara yamo kwenye picha, na kichujio chetu kilisoma maandishi, hakikuona picha. Vidoti hubadilika kutoka barua hadi barua ili pasiwe na picha mbili zinazofanana. Kiungo hakimo, kwa kuwa mwenye kutuma hahitaji ubofye chochote. Anataka uende mwenyewe kwa dalali wako ukanunue. Na filamu? Filamu ni ya kukilisha kichujio maneno ya heshima.

Mhasibu wetu, mzee wa makamo, alikuja na nakala yake mkononi.

"Kijana, hii kampuni ya senti 14 unaijua?"

"Mzee, hiyo ni barua taka."

"Taka vipi, na bei imeandikwa? Wenzetu Kenya wamenunua KenGen kwa shilingi 11.90, ukaona ilivyopanda?"

Sikumcheka. Mwaka ule kila mwenye akiba alikuwa anazungumza hisa. Nikamweleza tofauti: KenGen iliuzwa hadharani, ina waraka wa mauzo na hesabu zilizokaguliwa, ipo kwenye soko la Nairobi. Hii ya senti 14 inauzwa nje ya masoko makubwa ya Marekani, kupitia Pink Sheets, ambako wakati ule kampuni iliweza kutajiwa bei bila hata kuwasilisha hesabu kwa mamlaka. Mjanja hununua nyingi kimyakimya, anamwaga mamilioni ya barua, bei inapanda kwa sababu ya watu kama yeye mhasibu, kisha mjanja anauza zote siku hiyohiyo. Baadaye watafiti wawili, Laura Frieder na Jonathan Zittrain, walizipima barua hizi dhidi ya bei halisi, wakakuta anayenunua siku ya kampeni kubwa hupoteza wastani wa asilimia 5 hivi ndani ya siku mbili, kabla hata ya ada ya dalali. Mzee alikunja karatasi yake akauliza mbona basi serikali yao inawaacha. Swali zuri.

Nikarudi kwenye seva. Sehemu ya SpamAssassin niliyoitegemea ni ile inayojifunza kwa takwimu, wazo lililopata umaarufu baada ya mwandishi wa programu Paul Graham kuliandikia makala mwaka 2002. Unaipa barua nzuri na barua mbaya, angalau 200 za kila upande ndipo ianze kutoa hukumu, nayo inahesabu kila neno limeonekana wapi zaidi. Mtumaji wa aya za filamu anabahatisha kwamba maneno yake yatakuwa ya kawaida kwenye barua zako nzuri. Kwa mtu wa New York anayeandikiana na rafiki zake kuhusu sinema, huenda akapata. Kwetu sisi barua nzuri zilikuwa za vyumba, za boti ya Dar es Salaam, za ankara za samaki, nusu kwa Kiswahili na nyingine kwa Kiitaliano. Ni kweli maneno kama usiku, harusi na ufuo kwa Kiingereza yapo kwa mgeni wa fungate na yapo kwenye filamu ya mapenzi, na hayo yaliwasaidia. Lakini maneno ya muswada wa filamu, mhusika mkuu, sehemu ya pili? Hakuna mgeni aliyewahi kuyataja akiulizia chumba chenye roshani.

Kwa hiyo nilikusanya barua zote za hisa kutoka kwenye kapu la taka na kukifundisha kichujio kila Ijumaa jioni, bila kuziondoa zile aya za filamu. Watu wengine hushauri uzitoe, eti zinachafua takwimu. Kwangu ilikuwa kinyume: kivazi chao ndicho kilichowatambulisha.

Palikuwa na pingamizi moja, nalo ni la Unguja hasa. Kila katikati ya mwaka kuna ZIFF, tamasha la filamu pale Ngome Kongwe, na waandishi na watengenezaji filamu hulala kwetu. Kabla sijaruhusu kichujio kitupe chochote, nilikiacha kwa muda kikiweka alama tu pembeni, nikawa napitia. Kweli, barua za wageni wa tamasha ziliusogelea mpaka wa alama 5, ambao barua ikiufikia huhesabiwa taka. Nikawaingiza watu wa tamasha kwenye orodha ya wanaoaminika, na kila barua inayojibu barua yetu nikaipunguzia alama.

Hapo kichujio kilikuwa sawa, ila laini bado inalia. Barua inahukumiwa ikishafika, na ikishafika imeshalipiwa. Dawa ya hilo ilikuwa programu ya Postgrey: seva inamwambia mtumaji isiyemjua ajaribu tena baadaye, kabla mwili wa barua haujapokelewa. Seva ya kweli inarudi. Kompyuta ya mtu iliyoambukizwa virusi, ambayo ndiyo iliyotumiwa kumwaga barua za hisa, kwa kawaida hairudi. Dada wa mapokezi ndiye aliyeumia: mgeni yuko kwenye simu anaapa ametuma, na barua haionekani mpaka nusu saa ipite. Tukawaruhusu mawakala wote wa utalii kupita moja kwa moja, kelele zikapungua. Picha za hisa zikawa chache mno.

Machi 2007 tume ya hisa ya Marekani, SEC, ilisimamisha kwa muda biashara ya hisa za kampuni 35 zilizokuwa zikinadiwa hivi. Nilimpelekea mhasibu habari hiyo, akaisoma mara mbili. Mwaka uliofuata Alan Ralsky wa Michigan, mfalme wa barua taka kama walivyomwita, alishtakiwa Detroit kwa biashara hiihii, na 2009 akafungwa miezi 51.

Baada ya hatua ya SEC, watumaji hawakukoma mara moja. Katikati ya 2007 walihamia kwenye PDF, na Oktoba wakaja na MP3: sauti ya mwanamke wa kompyuta, imekwaruzwa, inakusomea jina la hisa. Hiyo haikunichukua hata jioni moja. Niliandika mstari mmoja kwenye Postfix, programu ya kupokea barua kwenye seva yetu, wa kukataa kiambatisho chochote cha MP3, baada ya kumuuliza bosi kama kuna anayetutumia muziki. Hakuna, akasema, wapiga taarab wetu wa Alhamisi huleta CD.