Hatua Mbili za Kibanja

Kwetu Buhaya, mkoani Kagera, mpaka wa kibanja, yaani shamba la nyumbani, ni mlamula, mti mwembamba usiokufa kirahisi. Anayeung'oa anajua anachofanya. Ndiyo maana asubuhi moja ya mwaka 1987, baba aliponiambia nibebe jembe tukang'oe milamula ya upande wa chini, nilidhani anatania.

Baba alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri, na zaidi ya hapo alikuwa mtu wa Uamsho, ule uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda hadi kutufikia. Watu wake huitana ndugu. Hukaa pamoja na kuungama waziwazi; kutembea nuruni, ndivyo wanavyosema. Utotoni vikao vile vilinitisha: mtu mzima, mwenye mvi, anasimama kusema aliiba debe la kahawa. Na kusema hakukutosha. Lazima atokee ndugu wa kuuliza, "Umerudisha?" Wiki ile aliyeulizwa alikuwa baba.

Milamula ile aliisogeza marehemu babu, hatua mbili ndani ya kibanja cha jirani, mara jirani alipofariki na kuacha mjane. Hatua mbili ukizitaja ni kidogo. Zifuate kwa urefu wote wa shamba, utakuta safu nzima ya mibuni na migomba. Babu hakuwa na wa kumwogopa, kwa kuwa kimila mwanamke hakuwa na sauti juu ya ardhi ya ukoo. Hukumu ya Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu kule Mwanza, kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza shamba la ukoo sawa na mwanamume, ilikuja kutoka baadaye, 1990. Kwa hiyo mjane alinyamaza, nasi tukavuna.

Baba mdogo alitukuta tumeshang'oa nusu. "Kaka, aliyesogeza mpaka yuko kaburini. Wewe unajitwisha dhambi ya nani?"

"Aliyesogeza ni yeye," baba akajibu. "Anayekula ni mimi."

Akaitwa balozi wa nyumba kumi awe shahidi, akaitwa na mjane. Nilitegemea machozi, au vigelegele kama vya shuhuda za kanisani. Yule mama alitembea kando ya mashimo, akahesabu mibuni kwa kidole, kisha akasema, "Asante, shemeji. Na kahawa ya miaka yote hii?"

Baba mdogo akatema mate, akaondoka. Mimi mpaka leo nampenda mama yule kwa swali lake. Tukisimulia habari za Zakayo mtoza ushuru tunapenda kuishia juu ya mkuyu, wakati Luka 19:8 ni hesabu tupu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa alipwe mara nne. Baba alisema wazi kwamba mara nne haiwezi. Wakakaa na balozi kukadiria madebe, msimu kwa msimu, wakibishana hasa, mpaka wakakubaliana.

Mama yangu alikuwa kimya muda wote. Balozi alipoondoka akauliza, "Na ada?"

Dada yangu alikuwa sekondari. Baba hakuwa na jibu, na hakujifanya analo. Dada alirudishwa nyumbani, akakaa mpaka mama alipouza mikeka ya kutosha. Nimesikia shuhuda nyingi ambazo hapa ndipo bahasha yenye fedha hufika mlangoni. Kwetu haikufika, na mama hakuchoka kulikumbusha hilo.

Siku hizi nikisikia sifa za mwanafunzi mwaminifu wa Yesu zikitajwa mimbarini, sala, kufunga, upole, namfikiria baba, aliyesinzia kwenye mahubiri na kutugombeza kwa mambo madogo. Hata hivyo kila msimu alibeba madebe yake kwenda kwa mjane, naye mjane aliyatikisa moja moja ahakikishe yamejaa. Baba alisimama akingoja amalize.

Ndugu walimuuliza kwa nini hamwaliki mama yule kwenye ushirika. Akasema anayekudai humhubirii, unamlipa kwanza. Debe la mwisho lilipopokelewa ndipo alipomwalika. Mjane alimshukuru sana, akamkumbusha kwamba yeye ni Mkatoliki.