Deki ya DVD inayoganda katikati ya filamu
Jamani wa Lamu, deki ikiganda katikati ya filamu na diski haina mikwaruzo, msikimbilie kununua leza mpya, ile taa inayosoma diski. Diski ya GB 8.5 ina matabaka mawili ya data upande mmoja, yaliyoachana kwa takriban maikromita 55. Ikifika wakati wa kuvuka kutoka tabaka moja kwenda la pili, deki huachia udhibiti wa fokasi (kulenga mwanga wa leza sawasawa juu ya tabaka) kidogo tu, huisukuma lenzi kwa umeme, huipiga breki kwa umeme wa kinyume, kisha hushika tena pale ishara ya kosa la fokasi, inayoonyesha mwanga umekosa shabaha kiasi gani, inapopita sifuri kwenye tabaka la pili. Kusita kidogo ni kawaida. Ishara ikiwa dhaifu, lenzi hupitiliza, ikaanza kutafuta upya. Hapo ndipo picha huganda.

Kwetu huku mchawi ni chumvi ya upepo wa bahari inayotanda juu ya lenzi. Chukua pamba ya masikio na tone la spiriti ya isopropili, zungusha bila kukandamiza, maana lenzi imening'inia kwenye nyaya nyembamba mno. Iache ikauke. Ile skrubu ndogo ya nguvu ya leza, nawasihi, msiiguse: kuiongeza huificha shida kwa muda tu, na leza hufa mapema. Diski iliyopindwa na jua la dirishani nayo huvuka vibaya, hata lenzi ing'are vipi.