Malakiti kwenye shavu

Jana dada mmoja aliniletea mkufu wa malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari, alioununua hapa hapa Lubumbashi. Niliuweka shavuni, kama baba alivyonifundisha, ukapata joto upesi. Plastiki! Jiwe lenyewe hukaa na baridi yake kwa muda, tena ni zito, karibu mara 4 ya maji, maana limejaa shaba. Nikatazama mistari: kila shanga ileile, kijani na nyeusi, imenyooka kama ya rula. Malakiti haijirudii; mistari yake hupinda, hunenepa, hufifia, kijani juu ya kijani. Ila msiikwaruze kwa kisu, nawaomba. Ugumu wake ni 3.5 hadi 4 tu kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa mawe kutoka 1 hadi 10, hata ya kweli huchubuka. Dada alilia. Ilikuwa zawadi ya mama mkwe.