Fomu Juu ya Friji

Jumapili usiku, Novemba

Fomu ina wiki tatu sasa kwenye mlango wa friji, imeshikwa na sumaku ya twiga niliyoinunua uwanja wa ndege wa Dar. Jina nimejaza, anwani nimejaza, hata tarehe ya kuzaliwa. Bado sahihi na namba ya kadi ya benki. Kila nikienda kuchukua maziwa tunatazamana.

Jambo lenyewe dogo. Klabu ya kulenga shabaha iliyo jirani na sisi hapa Pennsylvania haimpokei mtu asiye mwanachama wa NRA, kile chama kikubwa cha wenye bunduki. Si wao peke yao, klabu nyingi Marekani zina sharti hilo. Unataka meza nzuri za zege na shabaha za yadi mia moja na mia mbili? Leta kadi. Fomu nililetewa na jirani yangu, namwita Mzee, na jina hilo kalipenda mno (sijamwambia kwamba kwetu hata fundi bomba wa miaka arobaini ni mzee). "Saini tu," akasema. "Ni kama bima ya gari. Umeona nani anayeipenda kampuni ya bima?"

Nikacheka. Lakini sikusaini.

Mzee ndiye aliyenifundisha kuwinda. Babu yangu alikuwa na gobore kule Sikonge, Tabora, ila sisi wajukuu hatukuruhusiwa hata kuligusa. Lilikaa darini, limeviringishwa gunia, likashuka tu pale nguruwe pori walipozidi kwenye mahindi. Nakumbuka bibi akiziba masikio hata kabla babu hajamaliza kushindilia baruti. Kwa hiyo nilipofika huku nikakuta watu wazima na akili zao wanaomba likizo kazini ili wakakae juu ya mti kwenye baridi, niliona vituko. Sasa na mimi naomba likizo.

Msimu wa bunduki kwa kulungu unafunguliwa Jumamosi inayofuata Thanksgiving, ile sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani ya Novemba. (Nasema kulungu, ingawa huyu wa mkia mweupe na kulungu wa kwetu ni wanyama mbalimbali kabisa. Paa nayo haimfai, kawa mkubwa mno.) Mpaka 2018 siku ya kufungua ilikuwa Jumatatu, na shule nyingi za vijijini bado zinafungwa siku hiyo. Unasoma kozi, unafanya mtihani, unalipa dola ishirini na kitu za leseni, unavaa rangi ya chungwa inayowaka isiyopungua inchi za mraba 250, kisha unakaa kimya. Kukaa kimya ndiko kugumu. Mimi mtu wa kahawa na gumzo.

Mwaka jana nilikaa tangu giza. Ndevu zilishika barafu pale pumzi ilipopita. Kama saa moja na robo asubuhi jike mmoja alitoka kwenye miberoshi, akasimama, akageuza sikio moja upande wangu na jingine likabaki nyuma. Bunduki yangu ni ya kukoki kwa mkono risasi moja moja. Sheria ya Pennsylvania hairuhusu raifo inayojikoki yenyewe kwa kulungu. Nikasema bismillahi, nikavuta. Alikimbia hatua kama thelathini. Tulipompasua, mvuke ulitoka tumboni kama wa sufuria iliyofunuliwa, na Mzee kapiga magoti kwenye theluji akininong'oneza, "Polepole, usitoboe kibofu," utadhani mnyama bado anasikia. Nyama ile tulikula hadi Machi. Mguu mmoja mke wangu aliupikia pilau, majirani wawili wakaja kuomba nyongeza.

Mimi nawinda hivyo tu. Sasa nani anisemee?

Mke wangu ana jibu lake. Binti yetu yuko darasa la pili, na shuleni wanafanya mazoezi ya kujificha, endapo mtu mwenye bunduki ataingia: taa zinazimwa, mlango unafungwa, watoto wanajibanza kwenye kona ambayo haionekani dirishani. Siku ya kwanza alirudi akatuonyesha, akaingia chini ya meza ya chakula, akajikunja na kidole mdomoni. Alikuwa anaona ni mchezo. Mama yake alikwenda jikoni akafungulia maji kwa nguvu. Baadaye usiku akaniambia, "Baba Zuhura, wewe winda. Nyama tunakula wote. Ila jina letu lisihesabiwe humo."

Neno *lisihesabiwe* ndilo limenikaa. Nguvu ya chama iko kwenye hesabu. Mtu akisimama Washington akasema nyuma yangu kuna mamilioni, hasemi kwamba mmoja wao alitaka tu meza ya zege. NRA kwa miaka mingi ilijitangaza kuwa na wanachama milioni 5 hivi. Wawindaji wa nchi hii, kwa hesabu ya serikali ya 2022, walikuwa milioni 14.4. Hata tukisema wale milioni 5 wote ni wawindaji, na si hivyo, bado wengi wetu tuko nje. Lakini televisheni ikitaja "wawindaji na wamiliki wa bunduki" inatupakia wote gari moja.

Kinachonisumbua ni kwamba chama hiki hakikuanza hivi. Kilianzishwa 1871 na maofisa wawili waliopigana upande wa Kaskazini kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, walioona aibu jinsi askari wao walivyokuwa hawajui kulenga. Mwaka 1949 kikashirikiana na jimbo la New York kuanzisha mafunzo ya wawindaji, na kozi niliyosomea mimi, nikiwa nimezungukwa na watoto wa miaka kumi na miwili wanaojibu maswali haraka kuniliko, imetoka kwenye ukoo huo. Halafu ikaja Mei 1977. Kwenye mkutano mkuu wa Cincinnati viongozi walikuwa na mpango wa kuhamishia makao makuu Colorado Springs na kujikita zaidi kwenye michezo na mambo ya porini. Wanachama waliotaka mapambano ya siasa juu ya sheria za bunduki wakakesha ukumbini, na hadi inakaribia alfajiri viongozi wale walikuwa wameshang'olewa.

Mwaka huohuo Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Nina mwenzangu kazini, Mkisii, ananikumbusha kila Novemba nikianza kunoa kisu: "Kwetu wewe ungeitwa jangili, ndugu yangu." Anasema kwa utani, lakini hajawahi kukubali nyama yangu.

Wapo waliotoka kwa kishindo. George Bush baba, rais mstaafu, mwindaji, mwanachama wa maisha, alijiuzulu Mei 1995 baada ya barua ya kuchangisha fedha iliyowaita maofisa wa serikali wahuni wa mabuti, na kujiuzulu huko kulikuja wiki chache tu baada ya bomu lililolipua jengo la serikali Oklahoma City. Na wapo waliofukuziwa mbali na wenzao. Mwandishi wa uwindaji Jim Zumbo, Februari 2007, aliandika kwamba bunduki za mtindo wa kijeshi hazina nafasi porini. Kwa siku chache tu wadhamini na kipindi chake cha televisheni vikaenda na maji. Mtu aliyekuwa ameandika habari za uwindaji miaka mingi! Nikisoma hiyo naelewa kwa nini wengi wetu tunanyamaza kwenye meza za kahawa.

Lakini nisijifanye msafi. Tangu 1937 kuna sheria ya Pittman na Robertson, inayotoza kodi ya asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi, asilimia 10 kwenye bastola, na fedha zinarudi majimboni kwa ajili ya wanyamapori. Yule kijana wa dukani aliyebeba sanduku tatu za risasi za AR-15, bunduki ya huo mtindo wa kijeshi, ambaye pengine hajawahi kukanyaga msitu, analipia kulungu wangu. Analipia kuliko mimi, maana mimi sanduku moja la risasi ishirini linanitosha miaka miwili. Hofu ya watu inapopanda, mauzo yanapanda, na mfuko wa wanyamapori unanenepa. Mimi nakula pilau ya fedha hiyo. Hapo ndipo hoja yangu na mke wangu inapopata mguu mmoja mfupi, na sijui cha kuuwekea chini.

Nimeangalia vyama vingine. Ducks Unlimited wananunua na kutunza maeneo ya maji, mambo ya bata. Mimi bata simpati hata kwa bahati. Backcountry Hunters & Anglers, walioanza Oregon 2004, wanapigania ardhi ya umma. Juni 2025 seneta Mike Lee wa Utah alipotaka mamilioni ya ekari za ardhi ya shirikisho ziuzwe, wawindaji wa kila rangi ya siasa walipiga kelele pamoja na hao, na kabla mwezi haujaisha akaondoa pendekezo. Hilo lilinifurahisha kweli. Nilimwambia Mzee, akakunja uso: hao nao, kwake yeye, ni watu wa mazingira waliovaa kofia za chungwa. Na upo mpango wa hapahapa Pennsylvania, Hunters Sharing the Harvest, tangu 1991, ambao unapeleka nyama ya kulungu kwa wenye njaa. Huo hakuna anayeubishia. Hauna hata fomu ya kutisha, unapeleka mnyama kwa bucha aliyemo kwenye mpango, basi.

Barua sisemi. Tangu nijiandikishe kupokea jarida moja la uwindaji, silitaji, sanduku langu halipumui. Shirika moja lilinitumia bahasha yenye wino mwekundu, ndani mistari minne inaniambia WANAKUJA kuchukua bunduki yangu, na mstari wa tano unaomba dola 25. Mgeni mwenye green card anayeambiwa "wanakuja" huwa na mawazo mengine kabisa kuhusu ni nani hao.

Jana nikafanya nilichopaswa kufanya zamani. Game Commission, idara ya wanyamapori ya jimbo, ina viwanja vya kulenga kwenye ardhi yake ya umma, leseni ya kuwinda inakutosha. Mzee alinisindikiza, akilalamika njia nzima. Benchi zinatikisika, kweli. Upepo unakata, kweli. Risasi tatu za kwanza zilienda kulia kama sentimita tano, nikazungusha kifundo cha darubini, mbili zilizofuata zikakaa karibu kabisa, yai lingezifunika.

Tukirudi akaniuliza kama nimeshasaini.

"Bado."

Akanyamaza mpaka kituo cha mafuta. Kisha akasema, akiangalia pampu, kwamba kadi yake ya maisha alinunuliwa na baba yake akiwa kijana. Ile kesi ya New York ya 2024, baraza la wazee wa mahakama liliposema Wayne LaPierre, aliyeiongoza NRA miaka mingi, arudishe dola milioni 4 na zaidi za chama, aliifuata kila jioni, na hakumwambia mtu klabuni. "Ingekuwa nalipa kila mwaka," akasema, "ningeshaacha."

Akafunga kifuniko cha tangi, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Lakini kahawa ya klabuni ni nzuri."