Usiku Mmoja kwa Buibui wa Taranto

Nilifika Taranto, kusini mwa Italia, mwanzoni mwa Septemba, nikiwa na haja moja tu: kumwona nyumbani kwake buibui aliyepewa jina la mji huo, Lycosa tarantula. Jenasi yake, yaani kundi la jamaa zake wa karibu, Lycosa, ilipewa jina na mtaalamu wa wadudu Mfaransa Latreille mwaka 1804 kwa neno la Kigiriki lenye maana ya mbwa mwitu, na jina hilo linawafaa, kwani buibui hawa hawatandi utando wa kunasia windo, bali huvizia na kurukia.

Jua lilipozama, mwenyeji wangu alinipeleka kwenye uwanda wa mawe na nyasi kavu nje ya mji, akanifundisha kushika tochi usawa wa macho yangu, maana macho ya buibui huyu huurudisha mwanga kulekule ulikotoka. Haukupita muda, nukta za kijani zikametameta chini mbele yetu. Tulipoinama tuliona shimo lenye upana wa kidole gumba, limezungushiwa ukingo wa majani makavu na vijiti vilivyounganishwa kwa hariri, na mlangoni ametulia jike, mgongoni amebeba watoto waliopandana hata ngozi yake haikuonekana. Wiki kadhaa kabla ya hapo alikuwa akiburuta kifuko cha mayai na kukitoa mlangoni kiote jua. Nilihesabu macho yake: manne madogo chini, mawili makubwa juu yake, na mawili mengine nyuma zaidi. Mtoto mmoja aliteleza, akaushika mguu wa mama yake, akapanda tena taratibu hadi juu. Nilikaa pale mpaka magoti yakafa ganzi.

Kesho yake nilipanda treni hadi Lecce, kisha Galatina, kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Paulo. Hapo ndipo watu walioaminika kuumwa na buibui huyu, wengi wao wanawake, walipokuja kila tarehe 29 Juni kuomba uponyaji, baada ya kuchezeshwa ngoma nyumbani kama tiba. Mtafiti Ernesto de Martino aliwashuhudia mwaka 1959. Mimi naona Lycosa alionewa. Sumu yake huuma bila kumdhuru sana mtu, ilhali buibui mwingine aitwaye mjane mweusi wa Mediterania, mwenye madoa mekundu, anaishi katika mashamba yaleyale na ndiye mwenye sumu kali. Kisima cha kanisa hilo, ambacho wagonjwa walikunywa maji yake, sasa kimezibwa.